Missa Luba katika santuri mbili

Kwaya kadha wa kadha za parokia zetu, tangu Butembo mpaka Beni, zimekuwa zikituuliza neno moja: tukitaka kujifunza Missa Luba, tufuate santuri ipi? Swali ni jema, tena ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa maana ziko santuri zaidi ya moja, na mbili zinazojulikana sana hazifanani. Ya kwanza ni ya waimbaji wa Kamina, katika Katanga, ya mwaka 1958. Ya pili ni ya kwaya ya Muungano kutoka Kenya, ya mwaka 1990. Siku hizi zote mbili zinapitishwa kwa simu, kutoka kijana mmoja hata mwingine, mara nyingi bila jina wala mwaka, hata mtu husikiliza Kyrie ya hawa na Sanctus ya wale akidhani ni watu wale wale. Sisi tumezisikiliza mara nyingi, kwa kipaza sauti kizuri na kwa kibaya, usiku palipokuwa kimya na mchana barabara ilipokuwa na kelele za pikipiki. Hapa tunasema tulivyoona.

Kwanza habari yenyewe, maana wengi wanaijua nusu. Padri Guido Haazen alikuwa Mfransisko, Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2004. Alifika Kamina mwaka 1953, akawekwa shuleni. Pale alikusanya kwaya ya watoto wapata 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wao wapata 15, nao wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa siku zile. Misa yao iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, huko Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho makubwa ya Dunia mjini Brussels. Maneno yao ni ya Kilatini tupu, yale yale ambayo babu zetu waliyajua kwa moyo hata kama hawakuyafahamu yote. Lakini tuni si za Roma. Kyrie inafuata namna ya kasala ya Waluba, yaani wimbo wa kulia na wa kutaja majina. Hosanna inakwenda kwa mwendo wa ngoma ya kucheza ya Kasai. Agnus Dei imetokana na wimbo wa Bena Luluwa.

Basi hapa ndipo penye fundo. Misa hiyo haikuandikwa. Hapakuwa na karatasi ya noti mbele ya wale watoto, wala mbele ya walimu wao. Walikubaliana juu ya tuni, juu ya nani aanze na nani aitikie. Mengine, mapambo ya sauti na mapigo ya ngoma, waliyatoa pale pale. Anayeimba peke yake katika santuri ile, Joachim Ngoi, hasomi kitu. Anaita, na wenzake wanamjibu. Tunachosikia leo ni jinsi walivyoimba siku moja tu, mbele ya chombo cha kunasia sauti. Kama wangeinaswa siku ya pili yake tungekuwa na Missa Luba nyingine kidogo.

Baadaye ikapigwa chapa kwa noti ili watu wengine waweze kuiimba, na kwaya za Ulaya na Marekani zikaichukua. Hata sinema ziliitumia: Pasolini aliweka Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mtakatifu Mathayo ya mwaka 1964, na Waingereza waliweka Sanctus katika filamu iitwayo if.... ya mwaka 1968, ambayo haina habari yoyote ya Misa. Hivyo sauti za watoto wa Kamina zilifika mahali pengi ambapo hakuna mtu aliyeweza kuonyesha Kamina katika ramani.

Sasa tuombe ruhusa ya kutoka kidogo katika Misa, twende mpaka Ulaya, kwa sababu swali la santuri ipi halikuanza kwetu. Wapenzi wa muziki wa kule wamebishana juu yake miaka zaidi ya arobaini, na waliyoyaona yanatufaa. Wao walibishana juu ya simfonia tisa za Ludwig van Beethoven. Simfonia ni kazi ndefu ya okestra, kwa kawaida ya sehemu nne, isiyokuwa na maneno. Katika zile tisa ni ya mwisho tu iliyotiwa waimbaji. Ya kwanza ilisikiwa mjini Vienna mwaka 1800, ya tisa mwaka 1824. Noti za Beethoven zote zipo. Kilichobadilika baada yake ni vyombo. Siku zake zeze zilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Leo nyingi ni za chuma. Tarumbeta na baragumu hazikuwa na vifungo, mpigaji aliweza kutoa sauti zile tu ambazo bomba lenyewe linakubali. Filimbi ilikuwa ya mti. Ngoma zilivaa ngozi ya kweli, zikapigwa kwa vijiti vigumu. Kisha kumbi zikakua, watu wakaongezeka, okestra zikanenepa, na kila chombo kikatengenezwa upya ili kitoe sauti kubwa na laini.

Mtu akitaka kusikia unene huo katika uzuri wake, asikilize santuri za okestra ya Berlin chini ya Herbert von Karajan, zilizotolewa mwaka 1963. Ni kama ziwa Edward asubuhi bila upepo: pana, linang'aa, huoni mwisho wake. Hatutaki kulidharau. Lakini katika miaka ya 1980 Waingereza wengine, Christopher Hogwood na Roger Norrington na wenzao, walichukua vyombo vya kale, au vipya vilivyochongwa kwa mfano wa vya kale, wakazipiga simfonia zile zile. Norrington alishika tena vipimo vya mwendo ambavyo Beethoven mwenyewe alivitangaza mwaka 1817, na ambavyo viongozi wengi walikuwa wameviacha wakisema ni vya haraka mno. Mwaka 1994 zikatoka za John Eliot Gardiner, kwa vyombo vya namna hiyo hiyo. Watu waliozoea ziwa wakashtuka kuona mto wa mlimani.

Sisi tulitambua jambo moja upesi kuliko wengine, nadhani kwa sababu ya malezi yetu. Katika sehemu ya pili ya simfonia ya tisa kuna mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza na ngoma inajibu peke yake. Katika santuri ya Karajan ni ngurumo nyuma ya kilima. Katika zile za vyombo vya kale ni ngoma, ina ngozi, mtu anaipiga kwa kijiti, na pigo linakatika pale pale. Mzee mmoja asiyejua hata Beethoven ni nani alisikia kipande hicho akasema, «Huyu ndiye mwenye wimbo.» Hatukuwa na la kuongeza.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba cha kale kimeshinda. Nikolaus Harnoncourt alizipiga simfonia zote tisa mwaka 1990 na 1991 pamoja na okestra ya vijana wa nchi mbalimbali za Ulaya, na vyombo vyao karibu vyote vilikuwa vya kisasa, isipokuwa tarumbeta zisizo na vifungo. Lakini namna ya kupiga ilikuwa ile aliyojifunza kwa vyombo vya kale: kukata sentensi, kupumua, kuacha sauti ife badala ya kuivuta. Ukisikiliza utaona mto ule ule wa mlimani unapita katika mfereji mpya. Kumbe jambo kubwa halikuwa nyuzi za utumbo. Chombo cha kale kilikuwa mwalimu, na mwanafunzi akishafahamu anaweza kuchukua kingine.

Tena tuna shahidi katika nchi yetu. Mjini Kinshasa iko okestra ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, na filamu ya mwaka 2010 inawaonyesha wakijifunza simfonia hiyo ya tisa. Walianza na vyombo vichache sana, wakapokezana. Uzi wa zeze ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Je, hicho ni chombo cha kale au cha kisasa? Mtaalamu wa Ulaya hana kabati la kukiwekea. Lakini walipiga, na watu waliwasikia.

Turudi Kamina sasa. Kwa Beethoven noti zilibaki, vyombo vikageuka. Kwa Missa Luba mambo ni kinyume chake: ngoma na kayamba za mwaka 1958 unaweza kuzipata leo, lakini noti hazikuwapo. Waliokuja kuandika noti waliandika kutoka santuri. Kwa hiyo kwaya inayosoma kitabu cha Missa Luba inasoma picha ya siku moja ya watu wa Kamina, na mapambo ambayo Ngoi aliyatoa kwa pumzi yake yamekuwa sasa ni amri yenye mistari mitano.

Hilo ndilo tunalolisikia katika santuri ya Muungano. Tusikosewe: ni kwaya hodari. Boniface Mganga, kiongozi wao, aliwafundisha watu wazima, wanaume na wanawake, kupanga sauti nne bila mshono kuonekana. Maneno ya Credo, ambayo ni marefu na yanaweza kuichosha kwaya yoyote, yanasikika moja moja. Besi wana kina ambacho watoto wa shule hawangeweza kuwa nacho. Ngoma zimenaswa vizuri, unasikia kila mkono. Kama ningekuwa nafundisha kwaya, hapa tunasema wazi, ningewapa santuri hii kwa kujifunzia Gloria na Credo, kwa sababu ndani yake hakuna sauti inayojificha nyuma ya nyingine.

Lakini sikiliza Kyrie. Katika santuri ya Kamina sauti ya Ngoi inaingia kama mtu anayefika kilioni. Anaita, anangoja, anaita tena, na kile anachokiongeza mwishoni mwa neno kinatokana na jibu alilolipata. Wenzake nao wanamsikiliza. Katika santuri ya Kenya mambo yote yapo, kila kipambo mahali pake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayemngojea mwenzake. Mwimbaji anajua atakachojibiwa kabla hajaita. Ni sala iliyosomwa vizuri. Ile nyingine ni sala iliyosaliwa. Tunajua neno hili ni zito, nasi hatusemi juu ya mioyo ya watu bali juu ya sauti iliyonaswa. Sanctus pia: ile ya Kamina ni fupi, haifiki hata dakika mbili, inaanza chini karibu na kunong'ona, kisha Hosanna inafungua mlango ghafula. Kwa Muungano mlango unafunguka vizuri, bawaba zimetiwa mafuta.

Na hapa iko alama iliyotushawishi kabisa. Katika santuri ile ile ya Kenya, baada ya Misa, Muungano wanaimba nyimbo za kwao, za makabila ya Kenya. Ghafula ni watu wengine! Mwenye kuanzisha anacheza na wimbo, waitikiaji wanamkatiza, wanawake wanapiga vigelegele mahali ambapo hakuna mtu aliyewapangia. Kwa nyimbo hizo wanafanya sawasawa na walivyofanya watu wa Kamina kwa Kyrie. Basi si kwamba hawana uhuru. Uhuru wao uko nyumbani kwao, na katika Missa Luba walikuwa wageni wenye adabu, waliokaa kitini wakanyosha mgongo.

Lakini ikiwa tunawasifu Kamina, tusiwafanye malaika. Santuri yao ina sauti nyembamba, ya vyombo vya siku zile, na mahali pengine watoto wanakaza mno. Sauti zinazopandana tatu kwa tatu zina harufu ya shule na ya kinanda cha misioni. Sisi tuliofundishwa do-re-mi seminarini tunaijua harufu hiyo kwa mbali. Mkono wa Padri Haazen upo, hata kama aliuficha. Kwaya inabeba jina la mfalme wa wakoloni. Na jina «Luba» lenyewe limekusanya nyimbo za watu zaidi ya wamoja, wa Katanga na wa Kasai. Kwa hiyo anayeitafuta Afrika isiyochanganyika katika santuri hiyo atafute penginepo, na tunadhani hataipata. Vyombo vya kale vya Norrington navyo, vingi vilitengenezwa juzi juzi na mafundi walio hai.

Mbona basi ile ya 1958 inatushika hivyo? Kwa sababu waimbaji wake walikuwa wakitengeneza kitu, hawakuwa wakikihifadhi. Hapo ndipo tunapotofautiana na ndugu wengine wanaosema kwamba kuifuata Missa Luba kwa uaminifu ni kuimba kila kitu kama kilivyo katika santuri ya kwanza, hata kikohozi. Aliye mwaminifu kwa namna hiyo anafanya jambo ambalo watu wa Kamina hawakulifanya hata siku moja.

Jambo hili linatugusa kwa karibu kuliko habari za santuri. Wasomaji wanajua kwamba Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alikataza ngoma na piano katika kanisa, akizihesabu pamoja na vyombo vya kelele. Mwaka 1955 Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu, aliwahimiza wamisionari wasidharau nyimbo za dini za watu waliotumwa kwao. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ukasema wazi kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake, na kwamba mbali na kinanda cha mabomba vyombo vingine vinaweza kukubaliwa vikifaa kwa ibada. Kwetu Kongo likaja Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kilichokubaliwa na Roma mwaka 1988, chenye Gloria ya kuchezwa kuzunguka altare. Mlango uliofungwa mwaka 1903 ulifunguliwa pole pole, kwa kazi ya watu wengi.

Sasa ngoma iko wapi? Ingia parokia nyingi za mjini siku ya Dominika. Utakuta kinanda cha umeme, kimenunuliwa kwa michango ya miezi mingi, na ngoma inatoka katika kifungo chake. Mpigaji anabonyeza, na pigo linakwenda bila kuchoka, bila kumsikiliza mtu, kutoka wimbo wa kuingia mpaka wa kutoka. Mwimbaji akitaka kuvuta pumzi, kifungo hakimngojei. Roma haikutukataza, ni sisi wenyewe tuliomwambia mpiga ngoma aende kukaa na waamini wengine. Hatuchukii kinanda. Harnoncourt ametufundisha kwamba chombo cha kisasa kinaweza kupigwa na mtu anayesikiliza, na tumemwona kijana mmoja hapa Butembo anayekizima kifungo kile na kupiga kwa vidole vyake mwenyewe akiwatazama waimbaji usoni. Lakini yeye ni mmoja.

Kuna na neno jingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na kuzunguka nchi nyingi akinasa muziki wa wenyeji, alipita kandokando ya msitu wa Ituri, akanasa nyimbo za Wambuti, Wabira na wengineo, na za Wanande pia. Sauti hizo zipo, zimetolewa tena katika diski. Miaka sita kabla ya watoto wa Kamina kwenda Brussels, wazee wetu walikuwa wamekwisha kuimba mbele ya chombo. Tunawauliza viongozi wa kwaya: ni nani kati yetu aliyezisikiliza? Missa Luba imo katika kila simu. Nyimbo za babu zetu wenyewe hazimo. Tena wanaozijua kwa kinywa wanapungua. Tangu mwaka 2014 vijiji vingi vya upande wa Beni vimeona mauaji ambayo hatuna haja ya kuyaeleza kwa watu walioyaona. Waliokimbia walibeba watoto na sufuria. Ngoma hazibebwi usiku.

Kwaya moja ya hapa, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa kazi yake haijakwisha, ilitaka kuimba Missa Luba kwa sikukuu ya somo wa parokia. Wakaanza na noti, wakafika katikati ya Kyrie wakakwama. Sababu haikuwa ugumu. Walikuwa wakisikiliza simu na si wenzao. Kukatokea shida nyingine pia, ambayo wote wanaotumia Kitabu cha Misa cha Zaire wataiona: katika ibada yetu toba haiko mwanzoni, inakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, hata Kyrie ya Kamina, iliyotungwa kufungua Misa ya siku zile, inakaa katikati kama mgeni aliyekosa kiti. Hapo mwalimu wao akaamua vingine. Aliiacha Kyrie, akamwita mama mmoja mkimbizi wa upande wa Beni anayejua nyimbo nyingi za Kinande, akamwomba awafundishe wimbo ambao maneno ya Mwanakondoo wa Mungu yangeweza kukaa ndani yake.

Mama akawapa wimbo mzuri, wa polepole, wenye kuitikia. Waliupenda mara moja. Wakaazima ngoma ya ngozi kwa jirani. Walipoimba kwa mara ya tatu mzee wa baraza la parokia alisimama mlangoni akawauliza kama wanajua ni wimbo wa nini. Hawakujua. Akasema ni wimbo wa kumsindikiza maiti, na kwamba yeye hawezi kwenda kukomunika akiusikia, kwa kuwa aliuimba mara nyingi mno miaka hii.

Hapo sisi hatuna jibu jepesi. Mwalimu anasema Kyrie ya Kamina nayo ni kasala, ni kilio, na Mwanakondoo aondoaye dhambi za dunia ni yule aliyeuawa. Wimbo wa maiti unamfaa. Mzee anasema Waluba walichagua kilio chao wakiwa na amani ya kuchagua. Wote wawili wana haki, na tofauti kati ya kilio kinachosikiwa kutoka mbali katika santuri na kilio cha nyumbani hakuna kitabu cha noti kinachoionyesha. Mama mwenyewe, alipoulizwa, alisema anao mwingine, wa mavuno, lakini unahitaji filimbi, na mpigaji wa filimbi waliyemjua walimwacha kijijini.

Kwa kwaya nyingine zilizotuuliza, ushauri wetu ni huu. Chukueni santuri ya Muungano kwa kujifunza mpango wa sauti katika Gloria na Credo. Kwa Kyrie na Sanctus sikilizeni Kamina, kisha zimeni simu kabla ya kuanza kuimba, na mwenye kuimba peke yake asiyaige mapambo ya Ngoi bali atafute yake. Agnus Dei ndiyo rahisi kuliko zote, ni fupi, na kwaya ndogo inaweza kuishika kwa majuma mawili. Ngoma iwe ya ngozi, hata moja tu. Mkiweza, iwekeni juani kidogo kabla ya mazoezi, maana kwa baridi ya Butembo ngozi hulegea asubuhi.